Si Kila Mwenye Sharubu ni Kambale

Leo naweka kando mambo ya mbolea na chakula cha vifaranga, nikupe historia kidogo. Usifunge ukurasa. Historia hii inahusu samaki unaowauza, bwawa unalolichimba na udongo unaoteremka kutoka shambani kwako.

Miaka yangu ya mwanzo kazini hapa Kigoma nilikuwa na daftari la mwaloni. Kila samaki asiye na magamba, mwenye sharubu mdomoni, nilimwandika jina moja: kambale. Nilijiona nimefanya kazi. Asubuhi moja mama mmoja muuza samaki, mtu mzima wa Ujiji, alichungulia daftari langu akacheka mpaka akakaa juu ya ndoo yake. "Mwanangu," akasema, "huyo uliyemwandika hapo ni singa. Yule mdogo anayelia ni gogogo. Kambale ni wale waliobanikwa, wamekuja jana kutoka Malagarasi. Ukiniuzia singa kwa bei ya kambale nitakushukuru, lakini hesabu hiyo usimpelekee mtu." Nikampa shikamoo yake upya, nikalichana karatasi lile.

Kwanza tujue tunaongea habari za nani. Samaki wa kundi hili hawana magamba. Sharubu zao ni kama ulimi uliotoka nje: huonja na kupapasa chini, kwenye giza na matope, mahali ambapo jicho halisaidii. Duniani zimekwisha kutajwa aina zaidi ya 3,500, na zaidi ya nusu wako Amerika ya Kusini na ya Kati. Kule mto Amazon wapo waliovaa mabamba magumu mwili mzima, wapo wanaong'ang'ania mawe kwa mdomo wakila ukoga, na yupo mmoja, Wabrazili humwita dourada, ambaye safari yake kutoka chini ya milima ya Andes hadi mdomo wa mto na kurudi inapita kilometa 11,000. Mtoto huteremka na maji, mkubwa hupanda kwenda kutaga.

Ukisikia hayo unaweza kudhani sisi tuliachiwa kambale wa matope tu. Sivyo. Ziwa letu lina aina zaidi ya 30 za samaki wa sharubu, na wengi wao hawapo mahali pengine popote duniani. Ziwa Victoria halina, Ziwa Nyasa halina. Sababu kubwa ni umri. Ziwa Tanganyika linakadiriwa kuwa na miaka milioni 9 hadi 12, na kwa muda mrefu limekaa kama kisiwa cha maji katikati ya nchi kavu. Samaki aliyeingia humo zamani amepata muda wa kugeuka na kugawanyika. Uchunguzi wa vinasaba uliofanywa na Julia Day na wenzake umeonyesha kwamba gogogo wengi wa ziwa hili wametokana na mzazi mmoja wa kale, wakagawanyika humu humu ndani: mmoja akawa mkubwa, mwingine akabaki wa kidole, mwingine madoa makubwa, mwingine madoadoa. Leo tunahesabu aina zipatazo 10 za gogogo ziwani.

Sasa turudi kwa mama wa Ujiji, kwa sababu jina lile la singa lina historia yake.

Tarehe 13 Februari 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika ziwani wakitafuta chanzo cha mto Nile. Walikaa Kawele, hapo Ujiji. Burton alikuwa mgonjwa na mlalamishi, kitabu chake cha 1860 kimejaa manung'uniko, lakini alikuwa na tabia moja ambayo namsifia: alikwenda sokoni na kuuliza majina. Kati ya samaki aliowaandika yumo dagaa, na yumo singa. Alimweleza kuwa samaki mkubwa asiye na magamba, mgongo mweusi, tumbo jeupe jeupe, mapezi madogo, ndevu ndefu za nyama, anayetambaa chini na asiyeweza kuruka wala kwenda kasi. Akaongeza kuwa watu wanampenda kwa mafuta yake. Mtu yeyote aliyewahi kumpasua singa mwaloni atamtambua hapo.

Kumbuka huo ni mwaka 1858. Hakuna msomi wa Ulaya aliyekuwa amemweka samaki yule katika orodha yoyote. Lakini mwanamke aliyekaa na kapu lake Ujiji, sokoni palipokuwa na chumvi ya Uvinza, mahindi na pembe za ndovu, alikuwa anajua jina lake, anajua ana mafuta, na bila shaka anajua bei yake. Jina lile lile leo wavuvi wengi humpa samaki ambaye wataalamu humwita Dinotopterus cunningtoni, anayekua kupita mita moja. Jina la Ulaya lilikuja mwaka 1906, miaka 48 baada ya Burton kusikia jina la Ujiji.

Na lilikujaje? Hapa kuna kisa. Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm aliona kiwavi maji humu ziwani, yule mnyama laini kama uji wa wanga anayeelea baharini. Wasomi wa Ulaya wakashangaa: mnyama wa bahari anafanya nini katikati ya Afrika? Konokono wa ziwa nao walifanana na wa baharini. Mwingereza J. E. S. Moore akaja kati ya 1895 na 1896, akarudi tena 1899, na mwaka 1903 akatoa kitabu akisema ziwa hili zamani lilikuwa mkono wa bahari. Wengine hawakukubali. Mwaka 1904 akatumwa W. A. Cunnington kuja kukusanya zaidi, akazunguka ziwa hadi 1905. Hoja ya bahari haikusimama. Ziwa lilikuwa limejitengenezea viumbe wake lenyewe, kwa muda mrefu.

Ila ubishi ule wa kiwavi maji ulituachia faida. Samaki waliokusanywa na Moore na Cunnington walisafirishwa London, wakafika mezani kwa George Boulenger wa jumba la makumbusho la Uingereza, naye akawaeleza mmoja baada ya mwingine. Gogogo mwenye madoa mengi alipata jina lake la kitaalamu mwaka 1898, katika samaki wa safari ya kwanza ya Moore. Singa alipewa jina la Cunnington. Wapo pia samaki wa sharubu wenye kichwa kipana, ambao kwenye mialo nimesikia wakiitwa kibonde. Mmoja wa jamaa zao alipewa mwaka 1911 jina la Grauer, mkusanyaji kutoka Austria. Hata mgebuka wako, ambaye si wa sharubu, kitaalamu amebeba tangu 1914 jina la daktari Mbelgiji, Stappers. Katika majina yote hayo niliyoyataja hakuna la mvuvi aliyevuta wavu. Silalamiki sana, maana majina yale yametusaidia kuelewana na watu wa nchi nyingine. Nasema tu ujue.

Mwaka 1946 na 1947 Wabelgiji walizunguka ziwa zima kwa meli wakipima maji na kuvua kila upande. Max Poll aliyekuwa nao alichapisha kitabu kikubwa mwaka 1953, na humo samaki wa sharubu walipata nafasi yao. Poll huyo huyo ndiye aliyemtaja mwaka 1943 kambale mwembamba kama mkunga anayeishi kwenye nyufa za mawe. Kwa karibu miaka 70 wataalamu walidhani ni aina moja tu. Mwaka 2012 Jeremy Wright na Reeve Bailey walipowaangalia vizuri wakakuta aina mbili zaidi zilizokuwa hazina jina. Na mwaka 2006 Wright na mwenzake Page walikuwa wameshaongeza aina tatu za gogogo. Kwa hiyo usije ukadhani kazi ya kuwajua imekwisha. Imebaki chini ya mawe hapo mbele ya nyumba yako, kama unakaa ufukweni.

Lakini kilichonifanya niandike leo ni jinsi samaki hawa wanavyozaa. Hapa naomba mfuga samaki unisikilize kwa makini.

Wewe unamjua perege: jike huchukua mayai mdomoni, akayatunza humo mpaka vifaranga waweze kuogelea. Samaki wengi wa mawe humu ziwani hufanya hivyo hivyo. Sasa yule gogogo wa madoa mengi amejifunza kutumia mdomo wa mwenzake. Mwaka 1986 mtafiti Mjapani, Tetsu Sato, alichapisha alichokiona. Samaki wa mawe wanapotaga, gogogo, dume na jike, huingia kwa fujo katikati, wakala baadhi ya mayai na kumwaga ya kwao. Mama yule kwa haraka huokota yote, yake na ya wageni. Mayai ya gogogo huanguliwa mapema. Watoto wake wakimaliza kiini cha yai, hugeukia watoto wenye nyumba na kuwala, mle mle mdomoni. Mama anaendelea kutunza, hajui kuwa amebaki na watoto wa mwingine. Wapo ndege wanaotaga katika viota vya wenzao, hilo wazee wetu wanalijua. Kwa samaki mwenye uti wa mgongo kumlelesha mwenzake namna hiyo, lilikuwa jambo geni kabisa, na limetoka katika ziwa hili.

Yupo mwingine mdogo, hafiki urefu wa kiganja chako na vidole, ambaye ncha za sharubu zake zimepanuka kama majani. Huyo baba na mama wote wawili hubeba watoto mdomoni, wakisaidiana. Mdomo wa samaki wa kidole utachukua watoto wangapi? Wachache. Linganisha na kambale wa bwawani kwako: jike mmoja aliyekomaa anaweza kuwa na makumi ya maelfu ya mayai, huyamwaga kwenye majani mafuriko yakija, na haangalii nyuma. Kambale yule pia ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu, ndiyo maana hustahimili maji machafu na hata hutambaa kwenye nyasi zenye umande. Singa ni jamaa yake, lakini kiungo kile kwake kimepungua. Amezoea maji safi ya ziwa. Ukimtia kwenye tope la bwawa, usitegemee atavumilia kama kambale.

Mkulima mmoja aliniuliza, kama ziwa lina samaki hawa wote, kwa nini tunafuga kambale mmoja tu? Jibu ndilo hilo. Kambale ameumbwa kwa shida na kwa wingi. Hawa wa ziwani wameumbwa kwa mahali pamoja, kwa mawe fulani, kwa maji fulani. Ukiwamaliza kwenye jabali moja, hawarudi msimu ujao kama dagaa.

Na mahali penyewe ni pembamba kuliko tunavyodhani. Ziwa lina kina cha mita 1,470, lakini usihesabu zote hizo kuwa makazi. Upande wetu huu wa kaskazini, ukishuka kiasi cha mita mia moja na kidogo, hewa ya oksijeni imekwisha. Chini ya hapo hakuna samaki. Samaki wa maji ya wazi, kama dagaa na mgebuka, wana ziwa zima la kutembea juu ya maji hayo mafu. Anayetambaa chini, kama singa, ana ukanda mwembamba tu unaozunguka ufuko, kama upindo wa kanga. Na upindo huo unazidi kupungua. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walieleza kuwa kwa sababu ya ziwa kupata joto, katika maeneo waliyochunguza sehemu ya chini yenye oksijeni ilikuwa imepungua kwa asilimia 38 tangu 1946. Unaona walianzia mwaka gani? Ni mwaka wa safari ile ya Wabelgiji. Kama mwaka ule hakuna aliyepima na kuandika, leo tungekuwa tunabishana tu.

Juu ya ukanda huo huo ndipo yanapovutwa makokoro, na ndipo udongo wetu unapomwagika. Cohen huyo alikwisha kuonyesha mwaka 1993 kwamba pale ambapo miteremko imekatwa miti na tope kuingia ziwani, aina za viumbe kwenye mawe hupungua. Tope huziba nyufa. Kambale mwembamba wa Poll anaishi kwenye ufa, na yule wa sharubu za majani huzaa kwenye ufa. Ufa ukizibwa, biashara imekwisha, hata kama hakuna aliyetupa nyavu.

Kwa hiyo mwenye shamba la mihogo au michikichi mlimani, hili lako. Chimba makingamaji kufuata usawa wa mlima, panda vetiva au matete kwenye kingo, usilime kutoka juu kwenda chini kwa sababu jembe linateremka vizuri. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa na mto. Wengi tunaijua kwa ajili ya faini. Sababu yake mojawapo ni hiyo niliyokueleza. Na mwenye bwawa: vifaranga vilivyoletwa kutoka kwa wazalishaji wa mbali visimwagwe mtoni wala ziwani bwawa likikushinda. Weka wavu kwenye mdomo wa kutolea maji. Wavuke, waukaushe, wauze.

Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Najua maumivu yaliyokuwapo, nilikula ugali na maharage kama ninyi. Mapumziko yale yanawafaa dagaa na migebuka, wanaozaa haraka na kujaza nafasi. Kwa singa na jamaa zake wa kwenye mawe, maoni yangu ni kuwa miezi mitatu haitoshi peke yake. Wao wanahitaji mahali pa kuachwa mwaka mzima: jabali ambalo kijiji kimekubaliana lisiguswe, na kikundi cha ulinzi wa mwalo kinalijua kwa jina.

Kwa wauzaji, nina maneno machache ya kazi. Gogogo ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, na akishtuka huifunga ikasimama kabisa. Mlio ule unaousikia ni mwiba wa ubavuni ukisuguliwa kwenye mfupa wake. Usimng'oe wavuni kwa nguvu. Kata uzi, au mkunje mwiba kwa kuufuata unakoelekea. Vidonda vyake huvimba. Mteja Msabato hanunui asiye na magamba, kwa hiyo usimfiche kwenye fungu la mchanganyiko; utampoteza mteja na heshima. Singa ana mafuta mengi, moto wa kumbanika uwe wa polepole na mrefu, asije akaiva nje ndani akachacha. Na wanaokuja kutafuta gogogo wadogo wazima kwa ajili ya samaki wa mapambo, waulize kibali kabla hujawaonyesha mawe.

Jambo la mwisho ni daftari. Ukiuza, taja jina kamili. Ukiandika, andika jina kamili. Samaki aliyeandikwa "kambale" au "wengineo" anaweza kwisha kabisa ziwani na hesabu ikabaki vile vile, kwa sababu kambale wa Malagarasi watajaza pengo lake kwenye karatasi. Mama yule wa Ujiji aliniambia siku nyingine kwamba singa wa siku hizi hawamfikii kiunoni, na kwamba zamani mmoja alibebwa na watu wawili kwa mti. Nilitafuta kwenye madaftari yangu ya zamani nione kama ni kweli. Sikuweza. Nilikuwa nimeandika kambale.

Daftari langu jipya lina safu tano: kambale, singa, gogogo, kibonde, na ya tano haina jina. Mwenye jina la kwao, la Kiha, la Kibembe au la Kimanyema, kwa samaki yeyote wa sharubu, aniletee pamoja na samaki mwenyewe, au picha yake ubavuni na ya tumboni. Asubuhi mitumbwi inapoingia huwa niko mwaloni Kibirizi.